Habari za Mafunzo ya Sayansi katika Shule za Kikatoliki



Tuliagizwa tuandike habari hizi kwa kuwa mkutano mkuu ujao utaamua fedha za elimu zitumiwe kwa kazi gani.

Zamani kijana wa Ntimaru aliyetaka masomo ya sekondari ilimlazimu aende mbali. Mapadre wa Mill Hill walikuwa na shule yao Yala tangu mwaka 1927. Wale wa Roho Mtakatifu walianzisha Kabaa, Ukambani, mwaka 1925, na mwaka 1940 shule ikahamia Mang'u. Karo na umbali viliwazuia wengi.

Aliyepita katika shule hizo zote tatu ni marehemu Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga. Aliingia Yala mwaka 1942 na Mang'u mwaka 1946. Watu humkumbuka kwa siasa na vyama vya wafanyakazi, wakasahau kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa ukaguzi wa afya mjini Nairobi. Siku moja mwaka 1951, alipokuwa peke yake katika maabara akipima maziwa, aliingia bibi mmoja wa Kizungu na chupa mkononi. Bibi yule akaangaza macho pande zote, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mtu alikuwapo, tena ndiye mpimaji mwenyewe. Twaona hadithi hii yafaa kusimuliwa darasani kabla ya somo la kwanza la kemia.

Jimbo la Kisii lilipoundwa mwaka 1960, chini ya Askofu Maurice Otunga, safari ilipungua. Mwaka uliofuata Mabruda wa Tilburg, kutoka Uholanzi, walifungua shule ya Mosocho, ambayo leo yaitwa Cardinal Otunga. Walimu wa sayansi walikuwa haba nchini. Kwa hiyo mwaka 1965 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha Nairobi chuo maalum cha kuwafunza. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikayaacha makanisa yawe wadhamini tu. Tangu hapo mzigo wa vyombo vya maabara umekuwa kama mtoto wa kambo.

Nao mtihani haumhurumii asiye na vyombo. Katika KCSE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, kemia, fizikia na biolojia kila moja ina karatasi ya vitendo. Mtahiniwa hudondosha tindikali kutoka katika bureti, tone kwa tone, mpaka rangi ya waridi itoweke. Akizidisha, hesabu yake yote imepotoka. Mkono ulioishika bureti siku ile kwa mara ya kwanza hutetemeka, hata kama kichwa chajua jibu.

Wako watakaotutajia Bruda Peter Tabichi, Mfransisko aliyepewa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, dola 1,000,000, akifundisha sayansi huko Keriko, Njoro, katika shule ya Serikali yenye kompyuta moja tu. Ni kweli, mwalimu hodari hufanya mengi kwa machache. Lakini hata yeye hawezi kuufundisha mkono wa mtoto kwa kuchora bureti ubaoni.

Mapendekezo yaliyo mbele ya mkutano ni mawili: lango la mawe la shule yetu, au vyombo vya maabara. Sisi wa afisi ya katibu twaomba vyombo vinunuliwe kabla ya muhula wa kwanza, na lango lingoje mwaka mwingine.