Waya wa Unyanyembe

Msomaji, ukiitaja Tabora mbele ya vijana wa Dar es Salaam, watakutajia maembe, asali na stesheni ya reli. Waya hawatautaja. Lakini waya ulifika Unyanyembe zamani sana, kabla hata ya reli ya mwaka 1912. Misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo ilibeba nguo za merikani, ushanga na waya wa shaba. Waya ulifanywa bangili, ulinunua chakula njiani, na ulilipa hongo kwa watemi. Msafara uliporudi pwani, pembe za ndovu zilikaa juu ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi.

Pamoja na mizigo zilisafiri habari. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari. Mwaka 1871 Henry Stanley alikaa Kwihara, akajiingiza katika vita vya Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo. Mabwana hao waliandika, na vitabu vyao vikasomwa Ulaya na Marekani. Matokeo yake ni kwamba Mirambo tunamjua kwa sehemu kubwa kwa kalamu za wageni, wengine wao adui zake. Tippu Tip alijitahidi, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Lakini huyo alikuwa tajiri wa msafara. Mpagazi aliyeijua njia kwa nyayo zake hakuachiwa hata ukurasa mmoja.

Sasa tuje kwenye televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Bara tulibaki na redio, maana serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa kwa nchi maskini. Mpira tuliutazama kwa masikio. Mtangazaji wa RTD akipandisha sauti, kijiwe kizima kinasimama. Baadaye yakaja mabanda ya video, na watu kibao wakijazana kutazama sinema za karate.

Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1994 zikaanza CTN, DTV na ITV, zote Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilikuja baadaye, mwaka 2000. Mikoani nako watu hawakulala. Mwanza ilipata Star TV. Morogoro ikapata Abood na SUA TV. Katika miji kadhaa jamaa wenye mtaji mdogo walisimika madishi makubwa, wakatandaza waya juu ya nguzo kutoka nyumba hadi nyumba, wakatoza ada ya mwezi. Hiyo ndiyo televisheni ya kebo. Ukiutazama vizuri, mtambo huo unaweza kufanya kazi mbili. Unaweza kuleta picha za mbali mpaka sebuleni kwako. Unaweza pia kuchukua kamera moja, ukaipeleka uwanja wa mtaa wa pili, na jioni ileile mji ukajitazama wenyewe. Kazi ya kwanza ni rahisi na ina wateja. Ya pili inataka mpiga picha, mtangazaji na mtu wa kuandika. Ndiyo maana kila mahali ya kwanza huishinda ya pili.

Kisha ulikuja mfumo wa dijitali. Mitambo ya zamani ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na ving'amuzi vikasambaa nchi nzima. Azam TV ilianza mwaka 2013 ikiwa na Ligi Kuu mkononi. Mwaka 2021 ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo siyo mchezo, na zimesaidia klabu nyingi. Lakini hebu angalia Tabora imeonekana lini kwenye kioo. Rhino Rangers walipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, wakashuka. Agosti 2023 Kitayosce, timu iliyohamia jina la Tabora United, iliingia uwanjani dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji pungufu. Ikafungwa 4-0 na mchezo ukavunjika kabla ya mapumziko. Nchi ikacheka. Halafu tarehe 7 Novemba 2024 timu hiyohiyo iliifunga Yanga 3-1 kulekule Dar es Salaam. Ilikuwa miaka 167 kamili, siku kwa siku, tangu Burton aingie Kazeh. Safari hii Tabora ndiyo iliyoshuka pwani.

Hata hivyo, kesho yake mjadala uliegemea Yanga: kocha afukuzwe au abaki? Mwaka 2025 timu ikabadilishwa jina, ikawa TRA United, na neno Tabora likaondoka kwenye ubao wa matokeo. Njia ya misafara haijabadilika sana, bwana. Mzigo unatoka huku, hadithi inasimuliwa kule.

Je, Milambo, timu iliyotikisa mji miaka ya 1990, mabao yake nani ameyahifadhi? Wazee waliokuwa jukwaani wapo, lakini hawataishi milele. Leo kamera imo ndani ya simu ya mfukoni, kwa hiyo kisingizio cha vyombo kimekwisha. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mzee huyo, kumuuliza nani alifunga na dakika ya ngapi, akayaandika. Sisi tunaotamba kijiweni kuwa ni waandishi, kazi hiyo ni yetu. Tukiiacha, atakuja mgeni mwingine na daftari lake.