Mfungo wa Uvuvi wa Ufito Uingereza: Historia ya Sheria na Msamiati Wake

Katika kazi ya kuunda istilahi, mara nyingi tunakutana na neno la kigeni ambalo halitafsiriki vema mpaka historia yake ijulikane. Mojawapo ni lile ambalo sheria za Uingereza hulitumia kutaja kipindi cha mwaka ambamo ni marufuku kuvua samaki wa mitoni. Kwetu kipindi cha namna hiyo kimeitwa msimu wa kufunga, msimu uliofungwa, kipindi cha katazo, au kimeelezwa tu kwa kusema kwamba ziwa limefungwa. Kila mwandishi amechagua apendavyo.

Hili si jambo la wanaisimu peke yao. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Huko Kenya, katika Ziwa Viktoria, kumekuwa na desturi ya kuzuia uvuvi wa dagaa, ambao huko huitwa omena, tangu tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, ilhali samaki wengine wanaendelea kuvuliwa. Mambo haya mawili hayafanani, lakini katika mazungumzo yote mawili huitwa kufunga ziwa. Mvuvi ana haki ya kujua kilichofungwa ni nini hasa: ni maji, ni siku, ni chombo, au ni samaki wa aina fulani? Asipojua, huenda akanyang'anywa nyavu zake kwa kosa ambalo hakujua kuwa ni kosa. Au huenda akakaa pwani na njaa yake siku ambayo sheria ingemruhusu kuvua.

Makala haya yanakusudia kufuata historia ya sheria hizo katika nchi ambayo imezitunga kwa zaidi ya miaka mia saba, ili tupate kuona dhana ngapi zimo ndani yake, na kila dhana inahitaji neno gani. Kwa jina Uingereza hapa twakusudia England pamoja na Wales. Uskoti ina sheria zake, nasi tutaitaja mahali pake.

Samaki aliyesababisha sheria za kwanza ni samoni. Huyu huzaliwa mtoni, hushuka baharini akakua, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Kwa sababu hiyo hupita njia moja inayojulikana, wakati unaojulikana, na ni rahisi kumtegea. Hati ya Magna Carta ya mwaka 1215 iliamuru nyuzio za kunasia samaki ziondolewe katika mito ya Thames na Medway na kote nchini, isipokuwa kandokando ya bahari. Amri ile ilihusu chombo na mahali, haikutaja majira.

Majira yalitajwa mwaka 1285, wakati wa Mfalme Edward wa Kwanza, katika sheria iliyotungwa Westminster. Sheria hiyo iliitaja mito kwa majina, ikiwamo Humber, Trent, Tees na Tyne, ikakataza kuvua samoni humo tangu sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, yaani 8 Septemba, hadi sikukuu ya Mtakatifu Martin, yaani 11 Novemba. Samoni wachanga nao walikatazwa kuvuliwa kwa nyavu kwenye mabwawa ya vinu tangu katikati ya Aprili hadi sikukuu ya Yohane Mbatizaji. Mkosaji wa mara ya kwanza alichomewa nyavu na vyombo vyake. Akirudia, alifungwa gerezani robo mwaka. Na akirudia tena, mwaka mzima.

Yafaa tuangalie mambo mawili katika sheria hiyo. Kwanza, maneno yake ya Kilatini hayasemi kwamba maji yamefungwa. Yanasema kwamba maji yamewekwa katika hifadhi kwa mintarafu ya kuvua samoni. Maana yake ni kulinda, wala si kufungia watu mlango. Pili, tarehe zake zilihesabiwa kwa sikukuu za dini, kwa kuwa hizo ndizo alizozijua kila mtu kijijini, hata asiyejua kusoma.

Mwaka 1389, wakati wa Mfalme Richard wa Pili, ilionekana kwamba tarehe zile hazikufaa kila mahali. Kwa mito ya Lancashire, kama vile Lune, Ribble na Mersey, zikawekwa tarehe nyingine: tangu sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba hadi sikukuu ya Kutakaswa kwa Maria, tarehe 2 Februari. Hapo ndipo tunapoiona kanuni ya mkoa kwa mara ya kwanza. Mto mmoja hauna majira ya mto mwingine, na sheria ya haki haina budi kukubali hivyo.

Tukiruka karne nyingi tunafika zama za viwanda. Mito ilichafuliwa, mabwawa yaliziba njia za samaki, na nyavu ziliongezeka. Baada ya tume ya uchunguzi, Bunge lilitunga Sheria ya Uvuvi wa Samoni ya mwaka 1861. Sheria hiyo ilikataza kuvua samoni tangu 1 Septemba hadi 1 Februari, lakini aliyevua kwa ufito na mshipi aliongezewa muda mpaka mwanzo wa Novemba. Tena iliweka katazo la kila juma, tangu saa sita mchana siku ya Jumamosi hadi saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumatatu, yaani saa 42, ili samaki wapate nafasi ya kupanda mto. Katazo hilo la juma nalo halikumhusu mwenye ufito. Kwa hiyo dhana ya tatu ikaingia: sheria inapima chombo. Wavu unaoweza kuzoa mamia ya samaki kwa mkupuo hauwezi kuhesabiwa sawa na ndoana moja.

Sheria ya mwaka 1865 ilileta wilaya za uvuvi, bodi za wahifadhi na leseni. Hata hivyo samaki wengine wa mitoni, wanaovuliwa na watu wengi wasio na mali, hawakuwa na mtetezi. Waliompata alikuwa A. J. Mundella, mbunge wa Sheffield, mji wa mafundi wa visu na chuma, ambao wengi wao walikuwa wapenzi wa kuvua kwa ufito siku za mapumziko. Sheria ya Uvuvi wa Maji Baridi ya mwaka 1878, ambayo wengi waliiita kwa jina la Mundella, ilikataza kuvua samaki hao tangu 15 Machi hadi 15 Juni, wakati ambapo wengi wao hutaga. Norfolk na Suffolk, zilizokuwa zimepata sheria yao wenyewe mwaka 1877, ziliachwa nje yake. Tarehe ya 16 Juni, siku ya kufunguliwa mito, ikawa siku kubwa kwa wavuvi wa ufito wa Uingereza, na hata leo ni hivyo.

Sheria ya mwaka 1975, iliyokusanya zile za nyuma, ndiyo inayotufundisha zaidi kwa upande wa utaratibu. Badala ya kuamuru tarehe moja kwa nchi nzima, iliweka idadi ndogo kabisa ya siku ambayo hairuhusiwi kupunguzwa: siku 153 kwa samoni wanaovuliwa kwa nyavu, siku 92 kwa samoni wanaovuliwa kwa ufito, na siku 93 kwa samaki wa aina ile ya Mundella. Tarehe zenyewe ziliachiwa mamlaka za maji za mikoa, zilizoanza kazi mwaka 1974, zizipange kwa sheria ndogo. Taifa liliweka kipimo, mkoa ukaweka kalenda. Kwa samaki wa maji baridi, mamlaka ziliweza hata kuondoa katazo kabisa. Mwaka 1995 liliondolewa katika maziwa na mabwawa mengi, na mwaka 2000 katika mifereji mingi. Mitoni limebaki, hata baada ya wavuvi kuulizwa maoni yao mwaka 2019. Wapo wanaosema kwamba tarehe zenyewe hazilingani na maumbile, kwa kuwa baadhi ya samaki hutaga kabla ya Machi kwisha na wengine baada ya katikati ya Juni. Wengine hujibu kwamba mto wenyewe, pamoja na kingo na ndege wake, unahitaji kupumzika. Mjadala huo haujaisha.

Huko Uskoti mambo ni mengine. Trauti hairuhusiwi kuvuliwa tangu 7 Oktoba hadi 14 Machi, na samoni hawavuliwi siku ya Jumapili. Kila mto wa samoni una tarehe zake: mto Tay hufunguliwa kwa ufito 15 Januari, na mto Tweed 1 Februari. Samaki wale wa Mundella hawana kipindi cha katazo kabisa. Mpakani pana ajabu yake. Mto Esk, hata sehemu yake iliyoko Uskoti, huvuliwa kwa leseni ya Uingereza. Na mto Tweed, hata sehemu yake iliyoko Uingereza, hauhitaji leseni hiyo. Sheria imefuata mkondo wa maji, haikufuata mpaka wa nchi. Nchi zetu zinazochangia maziwa zinaelewa vizuri maana ya jambo hili.

Sasa tuyageukie maneno. Uhusiano wetu na sheria hizi si wa kubuni. Mwaka 1905 mayai ya trauti kutoka Loch Leven huko Uskoti yaliletwa Kenya kwa juhudi za Ewart Grogan, na samaki wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Samaki walikuja, na mawazo ya kuwavua kwa ufito na leseni yakaja pamoja nao, yakiwa katika Kiingereza.

La kwanza ni jina la samaki wenyewe. Katika Kiswahili, samaki wa maji baridi ni samaki yeyote asiye wa maji ya chumvi. Katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1975, maneno yanayolingana na hayo kwa sura hayawahusu samoni wala trauti. Mfasiri atakayeandika "samaki wa maji baridi" bila maelezo atakuwa ameugeuza mpaka wa sheria. Sisi twaona afadhali kuandika "samaki wa maji baridi wasio wa jamaa ya samoni", ingawa ni maneno mengi, kuliko kuandika machache yenye kupotosha.

La pili ni yule ambaye sheria ya 1861 ilimwita samoni asiye safi. Tukisema "samaki mchafu", msomaji atadhani ameoza au ameanguka matopeni. Maana iliyokusudiwa ni samaki anayekaribia kutaga, au aliyekwisha kutaga na hajarudiwa na nguvu zake. Kiswahili kinaweza kusema wazi: samaki mwenye mayai, na samaki aliyetoka kutaga.

La tatu ni chombo. Kwetu kuvua kwa mshipi ni pamoja na mshipi wa mkono usio na ufito. Sheria ile hutaja ufito na mshipi pamoja, na mishipi inayotegwa ikaachwa majini imepigwa marufuku. Kwa hiyo "uvuvi wa ufito" ni istilahi iliyo bora kuliko "uvuvi wa mshipi", na "mshipi wa kutega" ubaki peke yake.

La nne, na ndilo kubwa, ni kipindi chenyewe. Neno "msimu" kwetu huashiria wakati wa neema: msimu wa maembe, msimu wa kusi na kaskazi na safari zake. Kusema "msimu uliofungwa" ni kuunganisha neema na katazo. Lakini Kiswahili kina jozi ya maneno iliyokwisha kukomaa. Mwezi wa Ramadhani ni mwezi wa mfungo. Na unapokwisha, miezi inayofuata huhesabiwa Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hata Mfunguo Tisa. Mtu hujizuia kwa muda unaojulikana, kwa sababu inayojulikana, kisha hufungua. Wazo hilo halipishani na lile la mwaka 1285, lililohesabu siku za mto kwa sikukuu za dini. Twapendekeza basi "mfungo wa uvuvi" kwa kipindi cha mwaka, "mfungo wa juma" kwa zile saa za kila juma, na "mfunguo wa uvuvi" kwa siku ya kuanza tena. Mahali palipokatazwa wakati wote paitwe "eneo la hifadhi", wala pasiitwe mfungo, kwa sababu mfungo usio na mfunguo si mfungo.

Mwisho, tangazo lolote la mfungo lieleze mambo manne: mfungo wa samaki gani, kwa chombo gani, katika maji yapi, na tangu lini hadi lini. Waingereza walichukua karne nyingi kuyatenganisha mambo hayo, na waliolipa gharama ya kuchanganywa kwake ni wale waliochomewa nyavu. Tunawaalika wasomaji, hasa walio karibu na wavuvi wa maziwa yetu, watuletee maneno yanayotumika huko, ili mapendekezo haya yapimwe kwa kauli za wenyewe kabla hayajasanifishwa.