Unauza Kombi ya mzae? Soma hii kwanza kabla hujapost

Kuna Kombi ililala kwa boma ya guka miaka na mikaka, nyasi ikaota mpaka kwa bampa. Siku moja mjukuu akaamka na wazo, wakachanga doh na macousin, fundi wa jua kali akaichapa kazi, ikatoka nyeupe juu, bluu chini. Noma sana. Saa hii wanataka kuiuza, na hapa ndio wasee wengi huchomeka.

Anza na makaratasi. Rangi baadaye. Logbook iko kwa jina la nani? Kama ni la guka na guka alishaaga, hiyo ndai si yako bado, hata kama wewe ndio ulilipa fundi. Lazima familia iende kortini ifanye succession, msimamizi wa mali atambuliwe, ndio gari iuzwe. Ukiuza kiujanja, sheria ya urithi inakuita mtu aliyeingilia mali ya marehemu: faini ya mpaka 10,000 ama jela mpaka mwaka mmoja, ama zote mbili. Na ni rahisi shangazi mmoja kutokea baadaye akidai gari, mnunuzi naye anataka pesa yake. Malizeni hiyo stori ya familia mapema.

Kama jina ni lako, transfer inafanywa kwa akaunti yako ya NTSA ndani ya eCitizen. Hakikisha namba ya chesisi na ya injini zinafanana na za logbook. Injini za hizi gari zimebadilishwa sana kwa miaka, so usishangae ukipata tofauti. Irekebishe kabla mteja aione. Namba ya injini imechongwa kwa injini yenyewe; kwa zile injini ndogo, iko chini ya jenereta.

Sasa jua unauza gani. Volkswagen ilianza kutengeneza Type 2 mwaka wa 1950. Zile za kwanza, kioo cha mbele kimegawanywa mara mbili, ziliisha Ujerumani 1967, na ndizo ghali. Ile Samba ya vidirisha vya paa imewahi kupita dola 100,000 kwa minada ya Marekani. Tafadhali, usichukue hiyo bei ukaibandika kwa Kombi ya kioo kimoja ya miaka ya 70. Hiyo ya pili ilitengenezwa Ujerumani mpaka 1979, na huku kwetu ndiyo ile ilikuwa inabeba watalii mbugani, paa limeinuliwa waone simba.

Chesisi itakuchanua. Namba ya tarakimu 10 ikianza na 23, hiyo ni Kombi. 21 ni ya mizigo, 26 ni pikapu. Tarakimu ya tatu ni mwaka wa modeli, so 233 ni Kombi ya 1973. Logbook ikisema mwaka mwingine, mara nyingi huo ni wa kusajiliwa. Kama bado iko na pleti ya zamani, ile haina herufi ya mwisho, isifu kwa tangazo: inaonyesha gari imeishi Kenya kitambo. Na kumbuka gari ya mtumba iliyopita miaka 8 hairuhusiwi kuingia nchini, so za kununua ni hizi tu zilizobaki. Hiyo ndio nguvu yako kwa bei.

Kitu kitaua bei ni kutu iliyofichwa. Mnunuzi mjanja atakuja na sumaku ndogo. Ikikataa kushika chini ya mlango, kwa matao ya magurudumu ama chini ya kioo cha mbele, anajua hapo ni filla, bati liliisha zamani. So piga picha kila hatua ya ukarabati, hasa zile mbaya. Picha ya sakafu iliyooza, halafu ya bati jipya limechomelewa, inauza kuliko picha kumi za rangi inang'aa. Mahali fundi alipitisha filla, sema.

Injini haina rejeta. Inapozwa na feni na oili, na hewa inaelekezwa na mabati yanayoizunguka. Kuna mafundi huyatoa wakidhani ni urembo. Yarudishe, pamoja na raba ya kuziba pembeni, la sivyo itachemka mteja akiwa ndani. Kwa zile injini ndogo, mkanda mmoja ndio unazungusha feni na jenereta. Taa nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo. Badilisha pia mipira yote ya petroli, ikipasuka nyuma kule gari inaungua.

Mteja akija, usiwashe mapema. Mwache aguse injini ikiwa baridi, awashe mwenyewe. Kwa test drive panda naye, na umwambie mapema breki si kama za Vitz, aanze kufunga mbali.

Wapi utapata mnunuzi? Broka atakuita boss halafu akupunguzie nusu. Wapenzi wa kweli wako kwa maonyesho ya magari ya zamani, kama Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Nenda nayo ikiwa safi, na boksi la spea zilizobaki, hata zile zimetumika. Hao wasee wanajua kabureta ya ziada ni dhahabu.

Akikubali bei, andikeni mkataba, pesa ipitie benki. SMS ya kwamba pesa imeingia isikutoshe. Fungua akaunti yako uione, ndio utoe funguo.