Kurudisha kopi za akiba: moja ikikosekana, zingine hazifai

Kule Kalima, teritware ya Pangi, umeme ukikatika wakati ordinatere inatuma kopi ya akiba kwenye rezo ya biro, kopi hiyo inabaki nusu. Shida inaonekana siku listi ya mishahara imepotea. Kopi ya nyongeza inabebaka tu fishie zilizobadilika tangu kopi iliyotangulia. Basi kurudisha hali ya Ijumaa kunaomba kopi nzima ya Jumapili na za kila siku, kwa mpangilio. Ya Jumatano ikiharibika, kazi inaishia Jumanne, hata kama ya Ijumaa iko salama.

Kwanza itazamwe kama dosie ya rezo inafunguka. Neno la siri lililobadilishwa linasumbuaka sana. Ikifunguka, heri kopi zote zihamishwe kwenye diski ya pembeni, kisha zirudishwe ndani ya dosie mpya, si juu ya fishie zilizopo.