Hendeli, Mteremko na Stata: Historia ya Kuwasha Gari Same na Milima ya Upare

Injini ya gari haijiwashi yenyewe. Lazima kwanza izungushwe na nguvu ya nje, pistoni zipande na kushuka hadi mafuta yashike moto. Mjini Same, kaskazini mwa Tanzania, na katika Milima ya Upare, kazi hiyo imefanywa kwa nguvu tatu: mkono, mteremko na umeme.

Mkono ndio uliotangulia. Reli ya kutoka Tanga ilipita Same na kufika Moshi mwaka 1911, magari yakiwa bado machache mno. Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka kutoka Moshi yakifuata reli hiyo na kupita Same, yakihudumiwa na wapagazi, wanyama na magari. Ford Model T, gari maarufu la enzi hizo, liliwashwa kwa hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Hendeli ilikuwa na kanuni zake: ilivutwa kwenda juu, haikukandamizwa kwenda chini, na dole gumba lililazwa upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma ghafla, mkono uliponyoka salama. Aliyeizungushia dole gumba aliweza kuvunjika.

Dawa ya hatari hiyo ilitoka Marekani. Charles Kettering alibuni stata ya umeme mwaka 1911, na magari ya Cadillac ya 1912 yakauzwa nayo. Hata hivyo hendeli haikutoweka mara moja. Land Rover, iliyoanza kuundwa mwaka 1948 na baadaye kuenea Afrika Mashariki, ilikuwa na stata na pia tundu la hendeli mbele. Katika stata yake ya zamani, gia ndogo ilirushwa kwenye meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, na kasi ya mzunguko wenyewe. Iliponasa, fundi alifungua kifuniko nyuma ya stata na kuzungusha kwa spana ncha ya shafti yenye pande nne hadi gia ikaachia.

Stata za baadaye hubeba solenoidi mgongoni. Waya mnene hutoka chanya ya betri hadi kwenye bolti ya solenoidi. Waya mwembamba hutoka kwenye swichi ya ufunguo. Ufunguo ukizungushwa, umeme mdogo huivuta nondo ya solenoidi, nayo hufanya kazi mbili: husukuma gia ndogo ishike meno ya flaiwili, kisha huunganisha bolti mbili nene. Hapo umeme mkubwa, mara nyingi zaidi ya ampea 100, huingia kwenye stata kupitia kaboni na kuizungusha. Hurudi hasi ya betri kupitia bodi ya injini na waya wa bodi. Umeme huo ungepitishwa kwenye swichi ya ufunguo, ungeiunguza. Injini ikishawaka, klachi ya njia moja huiacha gia izunguke bila kuiburuta stata.

Mteremko ulikuwa akiba ya dereva. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na vipuri viliadimika. Gari lenye stata mbovu liliegeshwa likitazama bonde, jiwe likawekwa chini ya tairi. Asubuhi jiwe liliondolewa, swichi ikafunguliwa, gia ya pili ikaingizwa, na klachi ikaachiwa gari likishashika kasi. Kwenye barabara zinazopanda kwenda Vudee, Chome na Mbaga, mahali pa kuegesha hivyo hapakosekani.

Magari ya otomatiki yaliyoenea baadaye hayawashwi kwa njia hiyo, hivyo dereva wake lazima ajue stata ina tatizo gani. Stata ikilia "tak" na taa zikafifia, betri imechoka au vichwa vyake vina kutu. Taa zikibaki kali, tatizo huwa kwenye bolti za solenoidi au kaboni zilizokwisha. Ikizunguka bila injini kugeuka, gia yake haishiki. Kwa otomatiki, hata mteremko wa Upare hauokoi: ni kuitengeneza stata au kutafuta betri nyingine.