Gurudumu la baiskeli ya mbio: Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Septemba 2025, jiji la Kigali nchini Rwanda lilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 260 za kupanda na kushuka vilima, na Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeibuka bingwa.

Waliofuatilia mbio hizo katika televisheni waliona rimu nyeusi za kaboni, zenye kina kirefu kuliko rimu za baiskeli za kawaida. Si ajabu basi kwamba mpenzi wa baiskeli za mbio wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala akipata fedha kidogo, kitu cha kwanza anachotamani kubadilisha ni magurudumu.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Magurudumu mengi ya aina hiyo huwafikia wanunuzi yakiwa yamekwisha kutumika, nayo yanaweza kung'aa huku yakiwa yamechoka. Rimu iliyolika inaweza kupasuka mteremkoni, na anayeiendesha asipate nafasi ya kujiokoa. Makala haya yanaeleza namna ya kulichagua gurudumu, na namna ya kulipima kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kipimo kisikudanganye

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba gurudumu linaingia katika baiskeli yako. Vipimo vya inchi vimewapotosha wengi. Gurudumu la baiskeli nyingi za mbio, linalojulikana kwa kipimo cha 700C, lina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa. Lile la baiskeli kubwa nyeusi za kubebea mizigo, linaloandikwa inchi 28, lina milimita 635. Gurudumu la zamani la inchi 27 lina milimita 630, ilhali lile la baiskeli za milimani liitwalo inchi 29 lina milimita 622, sawa kabisa na la baiskeli ya mbio.

Kwa hiyo usisome inchi. Tazama ubavuni mwa tairi utafute namba mbili zilizotenganishwa na kistari, kwa mfano 25-622 au 28-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha rimu. Namba ya pili ikitofautiana hata kwa milimita chache, tairi na rimu hiyo havipatani.

Kipimo cha pili ni upana wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, pale kinapoingia katika fremu. Baiskeli nyingi za mbio zenye breki za kubana rimu huhitaji milimita 100 mbele na milimita 130 nyuma. Zile za zamani zenye gia chache zilikuwa na milimita 126 nyuma. Baiskeli za sasa zenye breki za diski kwa kawaida hutumia ekseli nene ya milimita 12, na upana wa milimita 142 nyuma.

Aidha, habu ya nyuma ni lazima ipokee gia ulizonazo. Gia za Shimano na za Campagnolo hazikai katika habu ya aina moja. Hata ndani ya Shimano, habu ya baiskeli ya mbio iliyotengenezwa kwa ajili ya gia 10 haipokei gia 11 za kawaida za mbio, kwa kuwa ni fupi kwa takriban milimita 2. Habu ya gia 11 ndiyo inayoweza kupokea gia 10, ikiwekewa bangili ya kuziba pengo.

Uzito si kila kitu

Wauzaji hupenda kutaja uzito. Ni kweli kwamba gurudumu jepesi hupendeza, lakini hesabu yake ni ndogo kuliko inavyosemwa. Chukua mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli ya kilo 8 na maji na vifaa vya kilo 2. Jumla ni kilo 80. Akinunua magurudumu yaliyo mepesi kwa gramu 400, amepunguza nusu ya asilimia moja tu. Katika mlima unaomchukua saa nzima, ataokoa muda usiozidi sekunde 18.

Katika barabara tambarare, mpinzani mkubwa ni upepo. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa na zaidi, sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji humalizikia katika kuusukuma hewani mwili wake na baiskeli. Ndiyo maana washindani hutumia rimu zenye kina kirefu, ambazo hukata hewa vizuri zaidi. Hata hivyo, rimu hizo husukumwa na upepo wa ubavuni, hasa gurudumu la mbele. Mwendeshaji mwepesi anayepita barabara ya pwani yenye upepo mkali anapaswa kulifikiria hilo mapema.

Kwa anayeendesha katika barabara zenye mashimo, upana wa tairi una faida iliyo dhahiri zaidi. Zamani tairi la milimita 23 ndilo lililotawala mbio. Leo hata washindani wakubwa hutumia milimita 28 na zaidi. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba fremu na breki zako zina nafasi ya kutosha kupitisha tairi hilo.

Spoki na fundi wako

Idadi ya spoki ichaguliwe kulingana na uzito wa mwendeshaji na hali ya barabara. Magurudumu ya mashindano huwa na spoki 20 hadi 28, wakati mwingine pungufu ya hapo. Kwa mtu wa kilo 90, au kwa safari za kila siku mjini, spoki 32 zilizosukwa kwa kukatishana mara 3 ni chaguo la busara. Moja ikikatika, zilizobaki hulishikilia gurudumu hadi ufike nyumbani. Katika gurudumu lenye spoki 20, kukatika kwa moja tu kunaweza kuipinda rimu hata ikasugua breki.

Uliza pia kama spoki za gurudumu hilo zinapatikana mjini. Spoki za kawaida zenye kichwa kilichopinda huuzwa na mafundi wengi, lakini baadhi ya magurudumu ya gharama hutumia spoki za pekee. Ikikosekana moja ya namna hiyo, gurudumu zima litakaa ukutani.

Kulipima lililotumika

Anza na rimu. Kama ni ya breki za kubana, weka ukingo wa rula juu ya uso unaobanwa na breki. Ukiona mwanga ukipita katikati, uso huo umelika na kuingia ndani. Rimu nyingi huwa na alama ya kitundu au mfereji mdogo. Alama hiyo ikitoweka, rimu imefika mwisho wa maisha yake. Kumbuka kwamba ukuta huo mwembamba ndio unaolizuia tairi lililojaa upepo.

Kisha tazama matundu ya spoki. Ufa mdogo kando ya tundu, hata mmoja, unatosha kulikataa gurudumu, maana ufa haurudi nyuma.

Tatu, lizungushe gurudumu likiwa katika baiskeli na utazame nafasi kati ya rimu na breki. Likiyumba kwa zaidi ya milimita 1, linahitaji fundi. Lakini usiishie hapo. Gusa spoki moja moja kama nyuzi za gitaa usikilize mlio wake. Spoki za upande mmoja zinapaswa kulia kwa sauti inayokaribiana. Katika gurudumu la nyuma, upande wa gia hukazwa zaidi kuliko upande wa pili, kwa hiyo linganisha za upande mmoja tu.

Jaribio hilo ndilo linalofichua mengi. Gurudumu linaweza kuzunguka sawasawa huku baadhi ya spoki zikiwa zimekazwa mno na nyingine zimelegea. Maana yake mara nyingi ni kwamba rimu ilikwisha kupinda, na fundi ameilazimisha inyooke kwa nguvu ya spoki. Gurudumu la namna hiyo halitadumu. Ukiona pia spoki kadhaa mpya katikati ya za zamani, jua kwamba nyingine zitafuata.

Mwisho, shika rimu uisukume kulia na kushoto. Ikilegalega, gololi au vikombe vyake vinahitaji kurekebishwa. Toa gurudumu uzungushe ekseli kwa vidole. Ukihisi mikwaruzo, kuna mchanga au kutu ndani.

Tahadhari ya kaboni

Rimu ya kaboni ya breki za kubana huhitaji mipira yake maalumu ya breki, na breki zikishikwa mfululizo katika mteremko mrefu, joto linaweza kuiharibu. Ufa wa kaboni nao ni vigumu kuuona kwa macho. Kwa hiyo kununua rimu ya kaboni iliyotumika, ambayo historia yake huijui, ni kucheza bahati nasibu.

Zipo pia rimu za kisasa zisizo na kingo za ndani za kulinasa tairi. Hizo hazipaswi kujazwa zaidi ya bar 5, sawa na psi 72, na hutumika na matairi yaliyoidhinishwa kwa ajili yake pekee. Anayejaza psi 100 kwa mazoea ya zamani anajitafutia ajali.

Kwa mnunuzi wa kawaida wa mjini, rimu ya alumini isiyolika, spoki 28 au 32 zilizokazwa kwa uwiano na habu inayozunguka kwa ulaini zinatosha kabisa. Rimu inayong'aa itapendeza ukiwa dukani. Rimu nzima ndiyo itakayokufikisha chini ya mteremko salama.