Jikoni Neu-Langenburg

Ramani za Wajerumani ziliuandika mji wa Tukuyu kwa jina la Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Ile ya kwanza ilikuwa Lumbila, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kabla boma halijahamishiwa huku juu kwenye baridi na mvua, karne ya 20 ilipokuwa inaanza. Jina lilitolewa kumheshimu Mwanamfalme Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, aliyewahi kuwa rais wa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani. Langenburg yenyewe ni mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ujerumani, na Wajerumani wanaoujua huukumbuka kwa Wibele: vibiskuti vidogo vya unga, sukari na ute wa yai, vyenye umbo la namba nane, ambavyo asili yake inatajwa kuwa jikoni kwa watawala wa mji huo mwaka 1763.

Tumezoea kusema “Mjerumani alikuja” kana kwamba alikuja mmoja. Waliofika Rungwe, eneo la Tukuyu hii, mwaka 1891 walikuwa makundi mawili ya wamisionari. Wamoraviani, ambao chimbuko lao ni Herrnhut huko Saksonia, walijenga kituo cha Rungwe chini ya mlima wenye jina hilo. Wale wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walishika upande wa mashariki, Manow na Mwakaleli. Makundi hayo yalisoma Biblia moja ya Luther, lakini hata kimkate kidogo cha asubuhi hayakukiita kwa jina moja. Kwa watu wa Berlin ni Schrippe, kwa Wasaksoni ni Semmel, na ukishuka kusini hadi Langenburg utasikia Weck. Kiazi, ambacho Wajerumani wengi hukiita Kartoffel, kwa Waaustria ni Erdapfel.

Haya si mambo ya utani kwao. Austria ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995, ilihakikisha mkataba wake una kiambatisho chenye maneno 23 ya vyakula yanayolindwa, ili nyanya ya Austria iweze kuandikwa Paradeiser badala ya Tomate, na aprikoti iitwe Marille. Nchi nzima ilikaa mezani na majirani zake na kudai haki ya kuita chakula chake kwa jina lake. Mimi naiheshimu sana hatua ile.

Naiheshimu kwa sababu nasi tunayo mali kama hiyo na hatuitunzi. Mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, Tukuyu ni kande. Panda basi hadi Moshi uyakute yanaitwa makande. Pwani utaambiwa ni pure, na ukivuka mpaka kuingia Kenya utapakuliwa githeri. Ndizi nazo, kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, ni amatoki, jina linalokaribiana na matoke ya Uganda kwa namna ambayo wanaisimu wetu wangestahili kuichimba zaidi. Zikiwa mbichi humenywa na kupikwa na maharage, au huungwa maziwa. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, waliona jinsi wavulana wa rika moja walivyokuwa wakila pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, hata baada ya kusimamisha kijiji chao wenyewe. Kumlisha rafiki wa mwanao ulikuwa wajibu wa mama, na sifa yake ilipimwa hapo.

Kwenye uchumi huo wa migomba na ng'ombe, wageni waliongeza vitu vyao. Mwaka 1904 chai ilipandwa Kyimbila, kituo cha Wamoraviani karibu na Tukuyu, miaka miwili tu baada ya Amani kule Usambara. Leo wakulima wadogo wanachuma majani kwa ajili ya viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Viazi mviringo navyo vinahesabiwa kuwa kazi ya wamisionari wa Kijerumani katika Nyanda za Juu Kusini, lakini hakuna mama sokoni anayeviita Kartoffel. Aina maarufu iliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole inaitwa Kikondo.

Kijerumani kilichobaki sokoni ni kile cha kulipia. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilianza kutoa sarafu ya Heller, na mpaka leo tunasema hatuna hela. Asili ya neno Heller ni mji wa Hall, ambao sasa huitwa Schwäbisch Hall, jirani kabisa na Langenburg ile ya vibiskuti. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, jina la mwanamfalme halikudumu. Hela imedumu, na ndiyo inayonunua mkungu wa ndizi pale Kiwira kila siku.

Majina yalisafiri pia kwenda upande wa pili. Adolf Stolz, mmisionari wa Kyimbila aliyefariki mwaka 1917, alikusanya mimea ya Rungwe kwa miaka mingi, akaikausha na kuipeleka Ulaya. Mimea kadhaa ilipewa jina lake, stolzii. Lakini kwenye vibandiko vya mikusanyo yake pameandikwa pia mahali ilikochumwa, na wataalamu wa mimea wa London na kwingineko ambao hawajawahi kuiona Rungwe wanaendelea kusoma hapo jina la Kinyakyusa: Kyimbila.